Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: mwombaji wa uzamili wa sayansi aambiwe ukweli kabla hajalipa ada

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakurugenzi wa Masomo ya Uzamili, wajumbe wa kamati za udahili, na ninyi nyote mliokabidhiwa dhamana ya elimu ya juu ya sayansi,

Baada ya salamu na heshima zote, najitambulisha. Ninafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sayansi. Kila matokeo ya mwisho yanapokaribia huanza kunijia na maswali mawili: "Mwalimu, nina sifa za kujiunga na uzamili?" na "Nikimaliza, nitafanya kazi gani?" Swali la kwanza lilipaswa kujibiwa na tangazo la udahili. La pili lilipaswa kujibiwa na idara inayotoa shahada yenyewe. Mara nyingi hakuna linalojibiwa, na kijana anatoa miaka 2, au 5 au zaidi akienda hadi uzamivu, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ombi langu ni kwamba maswali haya mawili yajibiwe pamoja, kwa maandishi, kabla mwombaji hajalipa hata ada ya fomu.

Nianze na sifa za kuingilia. Tangazo lililozoeleka linataka shahada ya kwanza katika fani husika, yenye daraja la pili la juu au ufaulu unaolingana nalo. Hapo mwombaji anaachwa akisie. Aliyehitimu ualimu wa sayansi huku akisoma kemia tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, anakubalika kwenye uzamili wa kemia? Wa biokemia anayetaka bioinfomatiki je? Na wa fizikia anayetaka takwimu? Nimeona waombaji wenye vyeti vinavyofanana wakipata majibu tofauti kwa sababu tu wajumbe wa kamati walibadilika, na barua ya kukataliwa haikutaja sababu. Mtu aliyekataliwa bila kuelezwa hawezi kujirekebisha. Hajui kama akasome somo moja zaidi, aombe idara nyingine, au aachane na ndoto hiyo kabisa.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama: tajeni masomo badala ya kutaja majina ya shahada. Anayekuja kusoma uzamili wa takwimu anahitaji kalkulasi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano na uzoefu wa kuandika programu za kompyuta. Anayekuja kusoma uzamili wa fizikia anahitaji mekanika, fizikia ya kwanta, sumakuumeme na thamodinamiki. Mwenye masomo hayo ana sifa, hata kama cheti chake kimeandikwa uhandisi au hisabati. Anayepungukiwa aambiwe kinachopungua na mahali pa kukisoma. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Limeandika mafunzo ya msingi ambayo mtaalamu wa hali ya hewa lazima awe ameyapata, na mhitimu wa fizikia au hisabati anaweza kuyakamilisha kupitia masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Haulizwi kwanza cheti chake kinaitwaje.

Kuna suala la alama pia, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu kwa sababu najua mnalinda ubora, nami nataka ubora. Mwaka 2019 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliochambua takriban mmoja kati ya kila wanafunzi wanane wa uzamivu wa fizikia nchini Marekani, kwa kipindi cha 2000 hadi 2010. Watafiti walitaka kujua kama vigezo vya udahili vinatabiri nani atamaliza. Wastani wa alama za shahada ya kwanza ulikuwa na uhusiano na kumaliza masomo, ila kwa kiasi kidogo kuliko kamati zinavyodhani. Mtihani wa somo la fizikia wa GRE (mitihani sanifu ya udahili wa masomo ya juu nchini Marekani), ambao kamati nyingi ziliutegemea kuchuja watu, haukuonyesha uwezo wa maana wa kutabiri katika hesabu yoyote waliyoifanya. Kwa maneno mengine, kizingiti kile kilikuwa kinazuia watu bila kuwa na ushahidi kwamba kinazuia wasiostahili.

Sisemi alama zifutwe. Ninachosema ni kwamba mstari mmoja wa ufaulu, unaochorwa na kompyuta kabla binadamu hajafungua faili, ni uamuzi mkubwa mno kuachiwa mashine. Yupo mwanafunzi aliyeanza vibaya mwaka wa kwanza kwa sababu alitoka shule isiyokuwa na maabara, akapanda kila muhula hadi mwaka wa mwisho akawa juu ya darasa. Wastani wake wa jumla utalingana na wa yule aliyeanza juu akashuka, na wote wawili wataonekana sawa. Mwalimu yeyote wa sayansi atawaambia ni yupi kati ya hao angependa kumwona kwenye maabara yake. Someni mwelekeo wa matokeo. Someni mradi wake wa mwaka wa mwisho. Mfanyieni usaili wa nusu saa.

Njia za kuwasaidia walio karibu na kizingiti zipo na zimejaribiwa. Tangu 2004 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Fisk na Vanderbilt, vimekuwa na mpango wa daraja, yaani wa kumvusha mtu kutoka uzamili hadi uzamivu: mwanafunzi anasoma uzamili Fisk, anafanya utafiti na walimu wa vyuo vyote viwili, kisha anaandaliwa kuingia uzamivu. Kamati inamwona akifanya kazi ya sayansi kabla ya kumhukumu kama anaiweza. Chuo chochote chenye jirani yake kinaweza kuiga jambo hilo.

Kundi linaloniuma zaidi ni mafundi sanifu wa maabara na walimu wa sekondari wenye uzoefu wa miaka mingi. Fundi sanifu aliyetumia muongo mzima akiendesha mashine za kromatografia, akizirekebisha zinapogoma, akiwafundisha hata wanafunzi wa uzamivu namna ya kuandaa sampuli, anaambiwa hana sifa kwa sababu shahada yake ilikuwa ya daraja la pili la chini. Alama aliyoipata akiwa kijana mdogo inamfuata hadi utu uzima, wakati kazi ya mikono yake kila siku inatoa takwimu zinazochapishwa kwa majina ya wengine. Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960 akiwa hana shahada yoyote, na mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampokea kusoma uzamivu hivyo hivyo. Koichi Tanaka, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2002, alikuwa na shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, na kazi iliyompa tuzo aliifanya akiwa mwajiriwa wa kampuni ya kutengeneza vifaa vya maabara. Hao ni watu wa kipekee, nakubali, wala sidai kila fundi sanifu ni Tanaka. Lakini utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini unapaswa kuwepo kwa maandishi, wenye vigezo, fomu na muda wa kujibu, ili mtu wa namna hiyo asitegemee bahati ya kukutana na profesa mwenye huruma.

Wanaovuka mipaka kusoma wana kikwazo chao. Kuna nchi ambako shahada ya kwanza ya sayansi ni miaka 3, kwingine ni 4. Katika mfumo wa Bologna wa kuoanisha shahada, ulioanzishwa Ulaya mwaka 1999, urefu wa miaka 3 ni wa kawaida kabisa, na bado mhitimu wa miaka 3 anaweza kukataliwa kwingineko kwa hesabu ya miaka tu, bila mtu kuangalia alichosoma. Mkataba wa Lisbon wa 1997, unaohusu kutambuana sifa za elimu ya juu Ulaya, uliweka kanuni nzuri: chombo kinachotathmini cheti ndicho chenye wajibu wa kuonyesha kwamba mwombaji hakutimiza masharti. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa kutambuana sifa za elimu ya juu ulipitishwa 2019 na kuanza kutumika 2023, nao umebeba moyo huohuo, ukiwafikiria hata wakimbizi waliopoteza nyaraka zao. Ikiwa nchi yenu imeridhia, tafadhali hakikisheni karani wa dirisha la udahili anaujua. Ikiwa haijaridhia, hakuna kinachowazuia kuifuata kanuni hiyo kwa hiari yenu.

Kuhusu ukomo wa umri kwenye ufadhili sina mengi: uondoeni. Unawaadhibu wanawake waliolea watoto kwanza na wafanyakazi waliosomesha wadogo zao, na sayansi haipati faida yoyote kwa kuwafungia nje.

Sasa nije kwenye aina za uzamili. Ipo shahada ya masomo ya darasani peke yake, ipo ya utafiti peke yake, na ipo mchanganyiko wenye tasnifu fupi. Kwa mwombaji wa mara ya kwanza zote zinaitwa uzamili wa sayansi. Hakuna anayemwambia kwamba idara nyingi za uzamivu zitamuuliza tasnifu yake iko wapi, na kwamba shahada ya darasani isiyo na utafiti inaweza kumfungia mlango huo. Wala haambiwi kwamba katika vyuo vingi vya Marekani mtu huingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, ilhali sehemu kubwa ya Ulaya inadai uzamili kwanza. Nimeshuhudia mhitimu mwenye alama nzuri sana akigundua haya siku anajaza fomu ya uzamivu, ada imekwisha kulipwa na miaka imekwisha kupita. Mstari mmoja kwenye tangazo ungemwokoa: shahada hii inamwandaa mhitimu kuendelea na uzamivu, au haimwandai.

Sasa ajira, na hapa ndipo ukimya wenu unapogharimu zaidi.

Idara za sayansi, kwa sehemu kubwa, zinaendeshwa na watu waliobaki chuoni. Ni kawaida basi kwamba njia wanayoijua na kuisifu ni ile waliyoipita: uzamili, uzamivu, utafiti baada ya uzamivu, kisha uhadhiri. Ripoti ya Royal Society, akademia ya sayansi ya Uingereza, ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wahitimu wa uzamivu wa sayansi nchini humo huondoka vyuoni mara tu wanapohitimu, asilimia 3.5 hivi hupata nafasi za kudumu za utafiti chuoni, na chini ya nusu ya asilimia moja hufikia uprofesa. Hizo ni takwimu za nchi moja na za wakati wake, lakini umbo lake linafahamika kwa yeyote aliyewahi kuhesabu wanafunzi wangapi profesa mmoja huwasimamia hadi kustaafu, na nafasi ngapi huachwa wazi akistaafu. Ni moja. Kwa hiyo wengi wa tunaowafundisha watafanya kazi nje ya chuo, na hao ndio tusiowaandaa wala kuwazungumzia. Mhitimu anayekwenda kiwandani anaagwa kama aliyeshindwa. Naomba jambo hili likome, na likome kwa kauli yenu ninyi wakuu, kwa sababu walimu wa idara watafuata mnachokithamini.

Kazi zipo, ila kila moja ina masharti yake, na mwombaji anastahili kuyajua mapema. Chukueni fizikia ya tiba. Mtu anasoma uzamili akidhani akihitimu ataingia wodi ya saratani kupanga dozi za mionzi. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki inataka, juu ya shahada hiyo, mafunzo ya vitendo hospitalini yasiyopungua miaka 2 chini ya wataalamu. Chuo kinachotoa uzamili huo bila kuwa na makubaliano na hospitali yoyote kinazalisha wahitimu watakaokaa nje ya geti. Nafasi za mafunzo hayo ni ngapi kwa mwaka? Idadi hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza idadi ya mnaowadahili.

Jiolojia nayo ina yake. Taarifa za akiba ya madini zinazotolewa kwa wawekezaji chini ya kanuni za JORC za Australia lazima ziandaliwe na mtu mwenye uzoefu usiopungua miaka 5 katika aina hiyo ya madini na uanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambuliwa. Uzamili pekee haumfikishi huko, ila unamsaidia kupata kazi atakayojengea uzoefu huo. Mhitimu wa hisabati anayetaka kazi ya kukokotoa hatari katika bima atakutana na mitihani ya vyama vya kitaaluma inayochukua miaka, na baadhi ya masomo ya uzamili yanaweza kumpunguzia mitihani hiyo ikiwa idara ilijali kuomba utambuzi. Iliomba? Anayevutiwa na sheria na uvumbuzi anaweza kuwa wakala wa hataza, yaani anayewasaidia wavumbuzi kupata haki ya kisheria ya uvumbuzi wao. Mbele ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya kazi hiyo huanza na shahada ya sayansi au uhandisi, ikifuatiwa na miaka kadhaa ya kufanya kazi chini ya mzoefu na mtihani mgumu. Ni wanafunzi wachache sana niliokutana nao waliowahi hata kusikia kwamba kazi hiyo ipo.

Halafu kuna mwajiri mkubwa wa wanakemia na wanabiolojia ambaye vyuo havimtaji kabisa: maabara za upimaji. Maji, dawa, chakula, udongo, mafuta, vyote hupimwa mahali fulani na mtu fulani. Maabara hizo hukaguliwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, kinachodai kwamba mbinu ya upimaji ithibitishwe kabla ya kutumika, kwamba kipimo kiweze kufuatiliwa hadi kwenye vipimo rejea, na kwamba kiasi cha shaka kilichomo katika jibu kikokotolewe na kuandikwa. Mwanafunzi wangu wa zamani alinieleza kwamba kwenye usaili aliulizwa hilo la mwisho, akiwa na uzamili mzuri wa kemia, akakosa cha kujibu. Miaka 2 alisoma usanisi, yaani utengenezaji, wa molekuli ambazo huenda hatazigusa tena. Muhula mmoja wa uhakiki wa ubora ungempa kazi siku ile. Sikusudii kudharau usanisi, ni kazi nzuri na inahitaji akili. Ninachouliza ni nani aliketi na waajiri wa maabara mara ya mwisho mtaala ulipopitiwa.

Mifano hii isichukuliwe kama wito wa kugeuza vyuo kuwa karakana. Mtu ana haki ya kusoma nadharia ya namba au mageuko ya samaki kwa sababu anavipenda, na vyuo visipofundisha hayo hakuna atakayeyafundisha. Ila kupenda kwake kuwe kwa hiari, akiwa anajua nafasi ya uhadhiri ni finyu kiasi gani, na akiwa ameambiwa kwamba ujuzi wa takwimu, wa programu na wa kuandika alioupata humo unahitajika pia kwenye wizara, benki na majarida ya sayansi.

Kutangaza wahitimu wanakoishia kumekwisha kufanyika. Desemba 2017 vyuo vikuu 9 vya utafiti vya Marekani pamoja na taasisi moja ya saratani vilitangaza kwamba vitaweka hadharani takwimu za wanafunzi wao wa uzamivu katika sayansi za uhai: wangapi huomba na wangapi hudahiliwa, huchukua muda gani kumaliza, na baada ya hapo wanakwenda wapi. Hawakufilisika. Hawakukosa waombaji. Kama vyuo vyenye ushindani mkubwa namna hiyo viliona si aibu kusema ukweli, sioni sababu ya wengine kuuficha.

Ninachoomba kiandikwe kwenye kila tangazo la uzamili na uzamivu wa sayansi ni hiki: masomo halisi yanayohitajika, na namna ya kuziba pengo la lililokosekana. Utaratibu wa kumpima mwenye uzoefu wa kazi. Kama shahada inafungua njia ya uzamivu au haifungui. Leseni, mitihani ya kitaaluma au mafunzo ya vitendo yatakayodaiwa baada ya kuhitimu. Muda ambao wanafunzi waliotangulia walitumia kwa kweli kumaliza, maana mpango wa miaka 2 unaomalizwa kwa miaka 4 si mpango wa miaka 2. Na kazi walizozipata, pamoja na idadi ya ambao hawajazipata. Kila anayekataliwa apewe sababu yake kwa maandishi.

Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba takwimu za wahitimu hazipo na hakuna fungu la kuzikusanya. Anzeni na waliohitimu miaka 5 iliyopita. Majina yao yako kwa msajili, na wasimamizi wao wa tasnifu bado wana namba zao. Idara nyingi za sayansi hutoa wahitimu wachache wa uzamili kwa mwaka, hivyo msaidizi mmoja mwenye simu na jedwali la kompyuta anaweza kuifanya kazi hii wakati wa likizo moja. Sisi tunaofundisha shahada ya kwanza tunawafahamu wengi wao kwa majina na tunajua walipo. Tuiteni, tutasaidia kuwatafuta. Tangazo la udahili ujao likitoka likiwa na maelezo haya, nitawapa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho walisome kabla hawajaja kuniomba barua za mapendekezo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa sayansi, shahada ya kwanza